Nyonga za Bosi na daftari la buku mbili

Jumapili moja mchana nipo nje naosha gari, nikasikia bajaji inasimama getini halafu kimya. Kwa kawaida mbwa wangu wakisikia bajaji ni fujo mpaka jirani wa nyumba ya tatu anajua tumepata mgeni, ila siku hiyo walibweka mara mbili wakaacha, wakaanza ile sauti ya puani wanayotoa wakishamnusa mtu wao. Nikafungua. Ndani ya bajaji alikuwa mwalimu mmoja mstaafu niliyemuuzia mbwa kama miezi nane nyuma, na miguuni kwake amelala Bosi, German Shepherd wa miezi kumi, ananiangalia huku mkia unapiga bati.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mtoto wako umwangalie."

Hakuja na hasira, hakuja kudai hela yake, hata sauti hakupandisha, na kusema ukweli ningeshukuru kama angefoka maana hapo ningepata pa kujitetea. Bosi akashuka. Miguu ya mbele ilikanyaga chini vizuri tu, halafu ile ya nyuma ikaja yote miwili kwa pamoja, hop, kama sungura. Akaja kwangu hivyohivyo hop hop, masikio yamelala nyuma kwa furaha, akafika kwenye ngazi tatu za baraza akasimama. Ngazi tatu tu, alizokuwa anazipanda akiwa na wiki saba. Akaziangalia, akaniangalia mimi, akakaa chini.

Mwalimu akaniambia ameanza hivyo toka wa miezi sita, asubuhi kuamka ni shughuli, hasa Arusha hii mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza. Akaenda famasi akaelezea "maumivu ya viungo", hakusema ni ya mbwa, akapewa diklofenaki, akawa anampa nusu kidonge ndani ya ugali. Hapo naomba nisimame kidogo maana kuna watu wanafanya hivyo leo hii: usimpe mbwa diklofenaki wala ibuprofeni wala panadol ya kwenye droo yako. Hizo dawa zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo na ini, dozi ambayo kwako ni ndogo kwake inaweza kuwa sumu. Bosi aliponea, sijui kwa neema ya nani.

Sasa ili mnielewe inabidi nirudi nyuma.

Mi nilianza na jike mmoja, Nala, tulimtoa Nairobi akiwa mdogo, ana karatasi zake za ukoo, ana vitu vyote. Sikuwa na mpango wa kuzalisha, nilitaka mlinzi tu maana wezi walishatutembelea mara mbili. Ila ukishakuwa na jike mzuri wa German Shepherd mtaani watu hawakuachi, kila mtu "utampandisha lini, niwekee mmoja". Na kulikuwa na dume mmoja mjini, sitamtaja mwenyewe, dume lenyewe lilikuwa balaa, kifua hiki, mgongo mweusi, miguu rangi ya dhahabu, kichwa kama sanamu. Mwenyewe alikuwa anachukua ada au mtoto mmoja wa kuchagua. Nikampeleka Nala. Wakazaliwa saba, wakachukuliwa na watu kabla hata hawajamaliza kunyonya, na mimi nikabaki na jike mmoja tu, tukamwita Sasha.

Na hapa ndo nilipofanya ule ujinga. Sasha alipofikisha mwaka na miezi miwili nikampeleka kwa dume lilelile. Baba yake mzazi. Yaani binadamu akifanya hivyo mtaa mzima unahama, ila kwa mbwa tukaona sawa tu, kwanza tuliambiana ndo namna ya "kushika damu", ndo mbegu inakuwa safi zaidi, watoto watatoka wamefanana na dume kama fotokopi. Na kweli walitoka fotokopi, sita, wazuri kupita wale wa kwanza. Bosi alikuwa mkubwa kuliko wote, ndo maana akaitwa Bosi. Kwa hiyo baba yake Bosi ni babu yake pia. Nikiandika hivyo leo naona aibu, siku ile nilikuwa naona ni utaalamu.

Jumatatu tukampeleka kwa daktari wa mifugo mwenye mashine ya eksirei. Nilikuwa sijawahi kuona inavyofanyika. Mbwa anachomwa sindano ya usingizi kwanza, maana bila hivyo hakai, halafu analazwa chali kama mtu anayeota jua, miguu ya nyuma inavutwa inyooke sawasawa, magoti yanazungushwa yaangalie ndani kidogo, ukikosea hata kidogo upande mmoja picha inadanganya. Mwalimu alikaa nje kwenye benchi, alisema hawezi kuangalia. Mi nikaangalia.

Dokta akaweka picha kwenye taa akaniuliza naona nini, nikasema mifupa. Akacheka, akachukua kalamu. Akanionyesha kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachotakiwa kuwa duara, na kikombe chake kwenye nyonga kinapotakiwa kuingia. Ukichukua kinu na mchi, mchi unakaa ndani ya kinu, unazunguka lakini hautoki. Kwa Bosi kinu hakikuwepo, ilikuwa kama sahani. Mfupa umekaa juujuu pembeni ya sahani, kila akikanyaga unateleza, na kwa sababu unateleza mwili unajaribu kuushikilia kwa kuota mfupa mwingine kandokando, vile vinundu vidogo, na kichwa chenyewe kimeanza kuwa bapa. Ni pande zote mbili, na mbwa ana miezi kumi tu. Ndo maana anaruka kama sungura, akitumia miguu yote miwili pamoja kila nyonga inabeba nusu ya maumivu.

Kitaalamu inaitwa displasia ya nyonga, na German Shepherd ni mmoja wa mbwa wanaojulikana nayo duniani kote, pamoja na Labrador, Golden Retriever, Rottweiler, mijibwa mikubwa mingi tu.

Nikamwambia dokta, lakini mama yake hachechemei. Bibi yake hachechemei. Baba yake analinda yadi ya magari usiku kucha, anaruka ukuta. Dokta akaniuliza swali moja tu ambalo mpaka leo nalikumbuka alivyoliuliza, hata hakuniangalia, alikuwa anafuta meza: "Na ndugu zake?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa sijawahi kuwauliza.

Jioni ile nikakaa na simu. Watoto saba wa Nala, wa Sasha sita, jumla kumi na tatu, ukitoa Sasha mwenyewe niliyebaki naye na Bosi ambaye nilishamuona, wanabaki kumi na moja, na kati ya hao mmoja alichukuliwa na mwenye dume. Namba nyingine zilishapotea kwenye simu ya zamani, nyingine hazipatikani. Niliowapata ni saba. Wanne wazima, angalau kwa macho. Mmoja Usa River mwenyewe anasema "huyu ni mvivu tu, akishakaa hataki kuamka", ana miaka miwili, mbwa wa miaka miwili gani mvivu. Mwingine anachechemea wakati wa baridi, wameshazoea. Na wa saba, mama mmoja alinipokea vizuri sana, akasema alishachomwa sindano akapumzishwa, alishindwa kusimama kabisa, walidhani aligongwa na gari usiku.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Akashangaa. "Kwani wewe ungefanya nini?"

Aisee.

Hapo ndo nilielewa kitu ambacho ndo sababu ya kuandika haya yote. Mfugaji anayezalisha ndo mtu pekee anayeweza kuona picha nzima, na ndo mtu pekee ambaye haambiwi kitu. Kila mwenye mbwa ana mbwa mmoja, anaona bahati mbaya moja. Huyu amegongwa na gari, huyu ni mvivu, huyu ni baridi, yule ni uzee wa mapema. Ukiwaweka kwenye mstari mmoja, ndugu wa tumbo moja, unaona si bahati mbaya. Ni mimi.

Tuna usemi mtoto wa nyoka ni nyoka, na mi nilikuwa naamini hivyo kwa mbwa, kwamba ukichukua mzima na mzima utapata mzima. Nyonga haziendi hivyo. Hii kitu haitoki kwenye jeni moja, ni jeni nyingi ndogondogo, kila moja inaongeza kidogo, baba anaweza kuwa na za kwake nusu, mama nusu, kila mmoja anatembea vizuri tu, halafu mtoto mmoja akachota zote mbaya, ndugu yake akachota nzuri, mwingine katikati. Kwa hiyo kumwangalia dume mwenyewe ni kuangalia kurasa chache tu za kitabu. Ukitaka kujua amebeba nini waangalie ndugu zake wa tumbo moja, halafu watoto wake, wote, siyo yule mmoja aliyewekwa picha WhatsApp.

Na kumrudisha binti kwa baba yake ni kuchukua karata mbaya zilezile ukazichanganya tena zenyewe kwa zenyewe. Kuna hesabu yake kabisa, wanaipima kwa asilimia: baba na binti ni 25, kaka na dada wa baba na mama mmoja 25, nusu ndugu 12.5, mabinamu wa kwanza 6.25. Maana yake ni uwezekano kwamba sehemu yoyote ya urithi ya mtoto imekuja mara mbili kutoka kwa mzee yuleyule. Na hapo unahesabu kama hao wazee wenyewe hawakuwa na undugu, wakati kwa mbwa wenye karatasi mara nyingi wana undugu toka zamani. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachoandikisha mbwa wa karatasi, toka 2009 haiandikishi watoto wa baba na binti, mama na mwana, wala kaka na dada. Mi nilikuwa nafanya kwa kujisifu kitu ambacho wao walishakifungia mlango.

Ukisoma historia ya hawa mbwa unaona tulivyofika hapa. Mwaka 1899 afisa mmoja mstaafu wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alienda kwenye maonyesho ya mbwa Karlsruhe akamwona mbwa mchungaji anaitwa Hektor Linksrhein, akampenda akamnunua hapohapo, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akaanzisha chama, na Horand akaandikwa namba moja kwenye kitabu cha kuandikisha mbwa hao. Halafu ikawa Horand na wanawe na wajukuu, wakirudishwa wenyewe kwa wenyewe ili sura ikae. Mbwa walikuwa wazuri kweli, wa kazi, mzee alitaka mbwa wa kazi. Ila mlango ulikuwa mwembamba toka siku ya kwanza, na kila kizazi dume mmoja akishinda maonyesho wote wanakimbilia kwake, mlango unazidi kuwa mwembamba. Lile dume la mjini kwetu ni habari hiyohiyo kwa udogo wake. Ukipita Njiro usiku ukasikia German Shepherd anabweka, mi nakwambia kuna uwezekano mkubwa ni ndugu yake Bosi.

Ila si damu peke yake, na hapa pia nina kesi ya kujibu. Vitoto vyangu nilikuwa navinenepesha. Mtoto mnene anauzika, mteja anamnyanyua anasema "huyu mzito, huyu mzuri". Ugali na dagaa na mifupa ya supu, uji wa maziwa, halafu juu yake nilikuwa nanunua ile kalsiamu ya chupa kwenye duka la dawa za mifugo, kila mtu alikuwa anasema inaimarisha mifupa na kusimamisha masikio. Kumbe kwa mbwa wa mbegu kubwa kalsiamu ya ziada utotoni inaharibu ukuaji wa mifupa, maana kitoto hakina uwezo wa kukataa kilichozidi, kinafyonza tu. Na unene ndo mbaya zaidi. Kuna utafiti maarufu wa Marekani walichukua Labrador 48, wakawapanga wawiliwawili ndugu wa tumbo moja, mmoja anakula, mwenzake anapewa robo pungufu ya anachokula yule, maisha yao yote. Wale waliopunguziwa kwa kawaida walifikisha miaka 13, wenzao 11 na kidogo, na nyonga zao zilikaa vizuri muda mrefu zaidi. Ndugu wa damu moja kabisa, tofauti ni sahani. Kwa hiyo jeni zinaweka risasi, sahani ndo inafyatua, na mi nilikuwa nafanya vyote viwili.

Tailizi nazo, jamani. Nyumba zetu siku hizi tailizi mpaka bafuni, mtoto wa wiki tano anateleza miguu inaenda pande zote huku watu wanacheka wanachukua video. Siku hizi vyangu vinakulia kwenye udongo na majani, ndani nimetandika mazulia ya zamani, na ngazi hawapandi kabla ya miezi mitatu.

Kuhusu kupima. Wamarekani wana taasisi inaitwa OFA, ipo toka 1966, ilianzishwa kwa ajili ya hili suala la nyonga, wanasoma picha za eksirei na kutoa daraja kuanzia bora kabisa mpaka mbaya sana, ila cheti cha kudumu hawampi mbwa kabla ya miezi 24. Waingereza wao wanatoa namba, 0 mpaka 53 kila upande, ikiwa ndogo ndo nzuri. Kuna njia nyingine iliyotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, PennHIP, wanapima nyonga inalegea kiasi gani ikivutwa, na hiyo unaweza kuanza mbwa akiwa na wiki 16. Hiyo miezi 24 ishikeni sana. Sasha nilimpandisha akiwa na miezi kumi na nne! Hata kama ningetaka kumpima, muda wa cheti cha kudumu ulikuwa haujafika, na mi nilishamzalisha. Baadaye nilimpiga picha. Kushoto mbaya, kulia mbaya kiasi. Hajawahi kuchechemea hata siku moja mpaka leo, ni mwembamba na ana misuli, anaficha. Nikamfunga kizazi wiki ileile.

Mashine si kila mtaa inayo, na bei inauma, najua. Ila mtu anauza kitoto kimoja kwa laki kadhaa halafu anakwambia eksirei ya wazazi ni ghali, kitoto kimoja tu hapo kinalipa picha ya mama.

Sasa kuna magonjwa mengine ambayo yenyewe ni rahisi kuliko nyonga, kwa maana ya kuyakwepa. German Shepherd ana ugonjwa wa uti wa mgongo wanaouita DM, unaanza mbwa akiwa mtu mzima, miaka nane na kuendelea mara nyingi, miguu ya nyuma inaanza kukokota, kucha zinalika kwa juu, mwisho inapooza. Haumi, na hauna dawa. Mwaka 2009 watafiti walipata jeni yenyewe, moja, inaitwa SOD1. Ubaya wa huu ugonjwa ni kwamba ukianza kuonekana huyo dume alishapandisha miaka sita. Uzuri wake ni kwamba unapimwa kwa pamba tu, unasugua ndani ya shavu la mbwa unatuma maabara, unapata jibu moja kati ya matatu: msafi, mbebaji, au ana nakala zote mbili mbovu, yaani yuko hatarini.

Mbebaji kwa kawaida haumwi, na akipandwa na msafi hakuna mtoto atakayepata nakala mbili mbovu, hata mmoja. Wabebaji wawili wakikutana ndo kila mtoto ana robo ya uwezekano wa kuwa hatarini. Mi nilipoanza kusoma nilikuwa na hasira zile za mtu aliyeokoka juzi, nikawa nasema mbebaji yeyote atolewe, akatwe, asizae. Halafu nikasoma habari ya Basenji nikatulia.

Basenji ni mbwa wa Kongo. Jina lenyewe la Kilingala, ni ndugu kabisa na hili neno letu la washenzi, yaani mbwa wa watu wa porini, kwa hiyo ukikutana na Mmarekani anakusifia Basenji wake mwambie tu kwa heshima kwamba ametoa maelfu ya dola kununua mbwa shenzi. Ni mbwa wadogo, mkia umejikunja, hawabweki kama wengine, wanatoa sauti kama wanaimba. Wazungu walichukua wachache mno miaka ya 1930 na baada ya hapo, na kundi zima la Ulaya na Marekani likatokana na hao wachache. Wakaanza kupata ugonjwa wa damu, wa kurithi, wanapungukiwa damu wangali wadogo. Kikapatikana kipimo kinachoonyesha na wabebaji, wakafurahi, wakawatoa wabebaji kwa wingi. Ule ugonjwa wakaudhibiti kweli. Ila kundi lilishakuwa dogo, wakalifanya dogo zaidi, na waliobaki wakawa wamebeba vitu vingine ambavyo hakuna aliyekuwa anaviangalia, macho, na hasa figo, ugonjwa unaitwa Fanconi, figo zinavujisha sukari na chumvi kwenye mkojo, mbwa anakunywa maji kama shimo na anakonda. Nao unachelewa, mbwa anakuwa na miaka minne na kuendelea, alishazaa.

Unajua walifanyaje? Walirudi Kongo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walikwenda kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, vijijini, wakatafuta mbwa wa wawindaji, wakawapandisha ndege, na 1990 chama cha Marekani kikakubali kufungua kitabu chao waingizwe. Yaani walizunguka miaka hamsini na vitabu na vyeti, mwisho wakaja kuomba damu kwa mbwa wa mzee wa kijijini ambaye hajawahi kuandikwa popote. Kipimo cha vinasaba cha Fanconi kilikuja baadaye sana, 2007, Chuo Kikuu cha Missouri, na safari hiyo walishajifunza: mbebaji mzuri mpe msafi, watoto wapime, chagua humo, usimwage beseni zima.

Sijaandika hivyo ili mtu aseme basi mbwa koko ndo mbwa. Mbwa koko wetu wana nyonga nzuri kwa sababu aliyekuwa na mbovu hakufika umri wa kuzaa, hiyo si huruma, na wanakufa kwa kichaa na magari na njaa kila siku. Ila ukimwangalia anavyopanda lundo la kokoto, mgongo umenyooka, miguu iko chini yake, halafu ukakumbuka wale German Shepherd wa maonyesho mgongo umeinama kama paa la banda la kuku na visigino vinakaribia kugusa chini, unajiuliza nani hapo ana mbegu safi. Mwaka 2016 pale Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mshindi wa German Shepherd alitembea hivyo kwenye televisheni mpaka watu wakalalamika nchi nzima.

Mimi sasa nafanyaje. Nala alishastaafu. Nina jike mpya, hana undugu na wale, nilimsubiri miaka miwili na miezi mitatu, nikampiga picha, ziko vizuri, DM msafi. Dume nilizunguka karibu mwaka mzima kumtafuta. Wenye madume wengi ukiwauliza picha ya nyonga wanakuonyesha picha ya mbwa amesimama. Mmoja aliniambia, "Kaka, wewe unataka kupandisha mbwa au unataka kuajiri?" Nikamwambia vyote. Nikampata mmoja Moshi, hana sura kali sana, kichwa cha kawaida, masikio makubwa kidogo, lakini mwenyewe alinionyesha eksirei, na kilichoniuza mimi zaidi, alikuwa na namba za watu waliochukua watoto wa dume hilo mikupuo miwili ya nyuma, akasema piga uwaulize. Nikapiga wote. Wakazaliwa watano.

Na nina daftari. Lile la kawaida la shule lenye mistari, nililinunua buku mbili stesheneri. Kila mtoto ana ukurasa: namba, rangi ya uzi aliofungwa shingoni, uzito kila wiki, ameenda kwa nani, simu mbili siyo moja, na tarehe za kupiga, akiwa na miezi sita, mwaka, miaka miwili, miaka mitano. Naweka na makubaliano ya maandishi, mbwa akishindikana anarudi kwangu, siyo barabarani, na kama atapandishwa niambiwe kwanza. Wengine wanaona ni usumbufu, mteja mmoja aliniuliza kama namuuzia mbwa au namuozesha binti. Mke wangu ndo anawapigia siku hizi, ana sauti nzuri kuliko yangu, watu wanamwambia ukweli. Mimi wakinisikia wanasema mzima mzima, yeye wanamwambia, "Dada, yupo, ila kuna kitu…"

Hela ya mwalimu nilimrudishia yote, alikataa nusu. Bosi hakurudi kwangu, mwalimu alikataa hilo pia, akasema "nimeshazoea kelele zake". Tulimpunguza uzito kilo sita, dokta akampa dawa ya maumivu ya mbwa kwa kipimo, anatembezwa kwenye majani kila siku muda uleule asubuhi na jioni, hapigishwi mbio, na mwalimu aliwaita mafundi wakamwaga zege la mteremko kwenye ngazi za nyumba yake, wajukuu wanadhani ni la baiskeli. Ana miaka mitano sasa. Siku za baridi bado anaruka sungura.

Na wale kumi na tatu nimewaingiza kwenye daftari pia, kurasa za mwanzo kabisa, ingawa nimechelewa. Tisa nimeshawajaza. Wanne bado, mmoja wao ni yule aliyechukuliwa na mwenye dume, jike, na nasikia ameshazaa mara mbili. Namba ya mwenyewe inaita, haipokelewi. Nimempigia tena leo asubuhi.